Programu Kagawiwa Mama Mdogo, Simu Napigiwa Mimi

Dada mshauri, shikamoo, nisaidie kabla sijachanganyikiwa. Mimi ni fundi wa programu za kompyuta kwenye kampuni ndogo, tunahudumia maduka ya dawa, na programu yenyewe ni huria, yaani haiuzwi, yeyote ana ruhusa ya kuinakili, kuigawa na hata kuibadilisha, ila duka likitaka sisi tuitunze na kuitengeneza ikikorofisha linalipia mkataba wa huduma, sasa mteja wetu mmoja ni mama mzazi wa msichana ninayempenda kufa, na mwezi ujao nataka nikaombe rasmi kumuoa, basi huyo mama akamnakilia programu mdogo wake mwenye duka mtaa wa pili, na mama mdogo hana mkataba wala hajui kama kuna mkataba, akaona rangi nyekundu inayoonyesha kwenye skrini dawa zilizokwisha muda inatisha wateja, akaibadilisha mwenyewe ikawa ya waridi, tangu hapo orodha ya dawa inafunguka ikitaka, na anayepigiwa simu ni mimi, "Mwanangu, umekula? Haya, pitia basi, kitu kimenuna tena," nami naenda kwa siri, bosi kasikia nusu ya habari anasema nimwamuru aifute kwa sababu ameiiba, na nikimwambia hivyo mke sina.

Fundi Niliyebanwa Katikati

Marahaba, fundi wangu. Nimecheka hadi chai imenipalia, usinichukie.

Kwanza, bosi wako akaisome leseni ya programu anayoihudumia. Mama mdogo hajaiba kitu. Kupewa nakala ni halali, na hiyo waridi ni haki yake hata kama inaumiza macho. Nenda kamwite mwizi uone ukoo mzima unavyokufungia mlango, na mimi nitakuwa upande wao.

Lakini na wewe acha woga. Leseni imempa programu, haikumpa wewe. Kazi yako inalipiwa kwa mkataba, na mkataba ni wa duka la dada yake, si wa familia nzima. Unamficha bosi, na mama wa watu anabaki kudhani ufundi nao ni wa bure. Halafu kuna wagonjwa hapo, atajuaje dawa ipi imekwisha muda kama orodha haifunguki?

Na mbona huoni jambo lililo wazi? Mtu asiyekutaka hakuulizi kama umekula. Unatetemeka usikataliwe, kumbe wenzako wameshakufanya mtoto wa nyumbani. Nimefurahi kwa ajili yako, kweli kabisa.

Kesho mweleze bosi yote. Kisha mwambie mama mdogo, dada yake akiwepo: programu ni yako, ibadilishe upendavyo, ukitaka tuirudishe ilivyokuwa na kuitunza, mkataba huu hapa, ukipata fundi mwingine, ruksa pia. Ila usisubiri mwezi ujao, siku hiyohiyo omba binti kwanza. Ukianza na mkataba watakuona mfanyabiashara. Ukianza na binti watadai punguzo la mkwe, na hapo ujue wamekubali.