Mama, Buibui Langu Limeanza Kuburura

Kibokoni, Mombasa, 1998

Mama yangu mpenzi,

Mungu akurehemu hapo ulipolala. Nakuandikia kwa sababu nina hofu, na tangu utotoni hofu zangu nimezoea kuzileta kwako kwanza.

Wamkumbuka fundi Swaleh, aliyekushonea mabuibui tangu ujana wako? Kila Idi ulimgombeza. Ulisimama barazani kwake, buibui jipya likiburura vumbi, ukasema, "Swaleh, wanishonea mimi ama wamshonea dadako mrefu?" Maskini aliapa kwamba amekata kwa kipimo chako kile kile cha zamani. Hukumwamini. Uliketi ukalipinda kwa mkono wako, mwaka ule na miaka iliyofuata. Hata rafu ya jikoni ulimwambia baba aishushe, kwani seremala naye hajui kazi. Kwa kusema kwako, Mombasa nzima haikuwa na fundi anayejua kupima, nasi tulicheka.

Kumbe ni wewe uliyekuwa ukipungua kimo.

Siku ile ulipoumia hata hukuanguka. Ulikosa kidato cha mwisho cha ngazi, ukaketi kwa ghafla, basi. Nyonga ikavunjika. Jirani mmoja alisema ni jicho la hasidi, mwengine akasema uzee. Hukuinuka tena mpaka ulipotutoka. Ngazi ile naiogopa hadi leo. Nikishuka huishika kamba ya kujishikilia kwa mikono miwili.

Sasa buibui langu, lililokuwa likinikaa sawasawa, limeanza kuburura. Nilipomweleza daktari habari zako, aliweka kalamu chini akanitazama. Alisema mifupa ikidhoofika mtu hupungua kimo, na kuna kipimo cha kujua imedhoofika kiasi gani kabla haijavunjika.

"Hudungwi sindano, mama. Unalala tu, mashine inapita juu yako. Tukijua mapema kuna dawa, kuna chakula, kuna mazoezi. Tukingoja uvunjike, tumechelewa."

Mashine yenyewe iko Nairobi. Nimeshaahirisha safari, nikasingizia harusi, kisha nikasingizia mafua. Kusema kweli naliogopa jibu. Naogopa kuambiwa nimerithi nyonga yako. Usingizi hauji, na kila mgongo ukiniuma kidogo nakuona wewe umelala kitandani ukitazama boriti.

Leo asubuhi nilikuwa natoka, upindo nimeushika mkononi nisiukanyage. Rukia, mjukuu wako, akaniona. Akaenda kuleta sindano na uzi.

"Vua nikupindie, mama. Fundi amelikosea."

Maneno yako hayo, naye alikuwa mchanga sana ulipokufa. Nikamwambia arudishe sindano.

"Fundi hakukosea," nikamwambia. "Funga nguo zako, kesho wanipeleka Nairobi."

Nitalivaa hivyo hivyo, liburure, daktari alione. Bado naogopa, Mama, lakini naenda. Nikirudi nitakuja kukusomea Yasini. Kisha, jibu liwe lolote, nitapita kwa mzee Swaleh kumtaka radhi kwa niaba yako.

Mwanao,
Mama Rukia