Korongo Aliyekwisha Kuruka

Riverside, Buffalo
Jumatatu, Mei 2015

Kwa dada yangu mkubwa, yaya Clementina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba mitihani ya chuo haijakumaliza. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ila tumechoka. Mama bado anahudumia wazee usiku; anarudi sisi tunapotoka kwenda shule, tunasalimiana mlangoni. Mimi nimemaliza vitabu vyote vya ndege katika maktaba ya shule. Usicheke.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu ukipiga simu papa wetu hukaa karibu nami, na haya siwezi kuyasema akisikia.

Tangu theluji iyeyuke, kila Jumamosi naenda Tonawanda kuangalia ndege kando ya mfereji wa zamani, ule ambao nyumbu walivuta mashua za mizigo kabla treni hazijaja. Mwalimu wa biolojia ameniazima darubini. Mama hakutaka niende peke yangu, kwa hiyo papa hunipeleka kwa gari akitoka kazini ghalani, bado amevaa koti la kazi. Mwanzoni alinitania kwamba kwetu Bukavu mtu anayefuata ndege huwa na manati mfukoni. Kisha akazoea.

Juzi Jumamosi korongo wa kijivu alisimama majini, karibu kabisa. Nilimwonyesha papa kwa kidole. Kabla sijampa darubini, korongo akaruka bila sauti, akapotea nyuma ya daraja. Papa aliendelea kuyatazama maji matupu, akatabasamu.

“Anasimama tu kama muzee wa kanisa mwenye kungoja sadaka,” akasema. “Donc, basi, huyu hana haraka.”

Nilimjibu kwamba kweli, hana haraka.

Njiani nilianza kuona mambo ambayo labda yalikuwepo siku zote: anavyoniuliza taa ya barabarani ina rangi gani, eti mchezo wa kunizuia nisisinzie, anavyong'ang'ania kufuata gari la mbele. Tulipofika nyumbani, kabla hatujashuka, nikamuuliza. Hakukasirika. Alisema jicho la kulia lilizimika wakati wa baridi, na la kushoto limeingia ukungu. Hajaenda kwa daktari, maana anajua atakatazwa usukani. Mama hajui. Aliniomba ninyamaze mpaka ndoa ya binamu yetu Grâce ipite.

Mpango wa ndoa unaujua: Ijumaa ya wiki ijayo aendeshe yeye, akupitie hapo Columbus, kisha Louisville kwenye ndoa yenyewe, mama na wadogo wetu wawili wakiwa nyuma. Anasema familia inamngoja afike na watu wake, si aletwe kama mzigo.

Yaya, nimeshindwa kunyamaza. Nakuomba upande basi Alhamisi, siku moja kabla ya safari, uje huku, uendeshe wewe. Mwambie mama unataka kuzoea safari ndefu. Habari ya daktari tutamwambia pamoja tukirudi, na kwa daktari nitatafsiri mimi, kama kawaida.

Jana baada ya kanisa nilimwambia papa kwamba nakuandikia, maana sikutaka kumzunguka. Akauliza kama siku hizi unaendesha vizuri, au bado unapanda ukingo wa barabara ukikata kona.

Mama na wadogo wanakusalimu sana. Wasalimie wote unaokaa nao. Alhamisi nitakuwa kituoni mapema.

Mdogo wako akupendaye,
Bulonza