Fimbo Mpya ya Baba Yako

Mwanangu Oskari,

Sisi tu wazima, na barafu imekwisha ziwani. Jana nilimpeleka baba yako mjini Savonlinna kununua fimbo ya kuvulia samaki aina ya paiki. Anataka moja tu, ya kurushia chambo bandia cha kila aina, kizito na chepesi.

Muuzaji akamletea nyekundu. "Tazama rangi hiyo, mzee."

"Rangi waachie samaki," baba yako akamjibu. "Wewe nishikie ncha, uiguseguse."

Akatulia, mkono kwenye mpini, kama anayesikiliza. Fimbo tatu alizikataa. Ya nne, fupi kidogo, ikamfanya atabasamu. "Hii inasema na mkono. Chambo kikigusa hata jani, nitajua."

Jioni tukatoka na mashua. Nilipiga makasia nikimwambia matete yapo upande gani, naye akarusha. Tulipata paiki mmoja, nikampikia baba yako supu ya samaki huyo na viazi.

Amenikataza nisikuandikie habari za macho yake, ndiyo maana nimekuandikia habari za fimbo. Ila ukija, keti karibu naye, upande wenye mwanga.

Mama yako,
Kerttu