Maji ya Mrima

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe, nyumba isinyamaze sana.

Arobaini yako imepita. Juzi nilivuka kwenda kisiwani kwenu, Wasini, kumpelekea mama mdogo kanga zako, ikiwemo ile uliyokataa kuivaa mpaka Idi. Nilikwenda na dukuduku langu. Tangu tukiwa wadogo ulituita "nyinyi watu wa Mrima", kwa jina hilo la kale la pwani ya bara, nami niliona unatutenga, kama mgeni ambaye hajafungua mzigo wake. Ndiyo maana siku ile nilipandwa na hasira nikakwambia: kama umetuchoka watu wa Mrima, rudi kwenu. Ulimaliza kuosha mchele, ukayabeba yale maji ukaunyweshea mpapai. Mama, neno lile limenikaa kooni hadi leo.

Nikamwuliza mama mdogo, kwenu kisiwani Mrima maana yake nini.

"Ni pwani ya ng'ambo, mwanangu. Lakini kwetu sisi, Mrima ni maji."

Akanieleza kwamba kisiwani hamkuwa na kisima cha maji matamu. Mlikinga mvua, na birika la kuyahifadhi maji likikauka mlingojea mitungi ya maji kutoka huku Mrima. Baba alipokuja kukuposa hukuuliza kazi yake wala ukoo wake. Uliuliza, "Ana kisima?" Mama mdogo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nililia tu.

Kumbe ulikuwa ukitusifu! Sasa nakumbuka kila asubuhi hapa Kinondo ulivyoteka ndoo ya kwanza kisimani, ukapiga funda moja huku umefumba macho. Nasi tulikucheka, wajinga sisi.

Kaka Omari alitaka kukifukia kisima chako ajenge chumba cha kupangisha, kwa kuwa mfereji wa maji ya bomba umefika. Nilikuwa nimeshakubali. Niliporudi kutoka Wasini nikamwambia hapana. Tuligombana, akaninunia siku mbili. Leo asubuhi nimemkuta pale kisimani anafunga kamba mpya.

Nisamehe, Mama. Nikiwa hai, kisima hicho hakifukiwi. Kila Ijumaa nitaweka mtungi mlangoni kwa wapita njia, na thawabu zake ziwe zako. Mama mdogo naye nitampelekea dumu lake.

Na lile neno la "rudi kwenu" nimelirudisha. Kwenu ni hapa.

Pumzika, mtu wa Mrima.

Mwanao,
Mwanasha