Anataka Twende Kisiwani Kwanza, Ndipo Aseme

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa kwenye duka langu la kushona mapazia, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani nimetoka, maana nikiandika nyumbani mume wangu ataniuliza naandika nini, na uongo nilionao sasa hivi unanitosha. Naomba unishike mkono kabla sijaanguka nao.

Mume wangu ni mwendesha kreni kwenye majengo marefu, kazi hiyo ameifanya tangu hatujaoana, na wenzake wanamwita Tai kwa sababu akiwa kule juu hakimpiti kitu, na mimi jina hilo nilikuwa nalijivunia mpaka mwaka huu nilipoanza kumwona anajigonga bega kwenye mlango wa chumbani, anaweka kikombe pembeni ya meza kinaanguka, nikimtania kwamba uzee unabisha hodi anacheka, kumbe mwenzangu anajua na ananyamaza. Mwishowe tulikwenda wote kwa daktari wa macho, tukachagua wa mbali na mtaa wetu, akasema ni presha ya macho, imeshakula uwezo wa kuona pembeni pande zote mbili, amebaki kuona katikati tu kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone kazi yake ni kupunguza kasi. Daktari akamwuliza anafanya kazi gani. Mume wangu akajibu, "Nipo ofisini." Mimi nilikuwa kiti cha pili, nikaangalia sakafu.

Tulipotoka akasimama kwenye ngazi akashika chuma cha pembeni, akaniambia, "Mke wangu, twende kisiwani kwanza. Tukirudi nitawaambia kazini mwenyewe."

Kisiwa chenyewe tumekizungumza tangu tulipooana na kila mwaka linazuka lake, mara mtoto, mara paa, mara msiba, na yeye siku ya anga safi hukiona akiwa juu ya kreni, anasema kimelala kama ng'ombe ndani ya maji. Sasa amepanga kila kitu, siku ya kwanza tukae ufukweni tu bila kazi yoyote, ya pili tupande mlima kwa njia ya msituni mpaka pale bahari inapoonekana kila upande, ya tatu twende kwenye ngome ya kale ambako wafungwa walichora merikebu ukutani kwa misumari, amesoma habari zake miaka mingi na anataka kuziona zile merikebu mwenyewe, hataki kuja kusimuliwa. Ametununulia viatu vya kupandia mlima, na kila jioni anatembea navyo kwenye ukumbi wa nyumba, huku na huku, ili vilainike.

Nilimwambia, "Waambie leo, baba, kisiwa hakihami." Akanijibu, "Nikisema leo nitakwenda kule kama mgonjwa anayebembelezwa. Nataka kuupanda ule mlima nikiwa bado mtu wa kazi." Nililia, nikamwahidi sitafungua mdomo.

Mshauri, sasa nafika penye mwiba wenyewe. Mtu anayesimama chini kumwelekeza mume wangu kwa ishara za mikono ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, na kazi hiyo mimi ndiye niliyemwombea. Mume wangu aliniambia kwamba siku hizi anapoteza muda kumtafuta kijana pale chini, kila mtu anafanana na vumbi, basi mimi nikachukua kitambaa cha rangi ya chungwa, kile kikali cha miavuli, nikamshonea mdogo wangu kizibao, nikakitia mikono mirefu mpaka kwenye viganja ili kila ishara ionekane. Amekipenda kupita kiasi, anawaringia wenzake, "Ninyi mna dada, mimi nina kiwanda!" Hajui kwa nini nilikishona.

Juzi alikuja kula kwetu, akamwambia mume wangu huku anacheka, "Shemeji, jana ile ndoo ya zege ilitaka kuninyoa nywele. Kama umenichoka si useme tu, nirudi kwa mama?" Tukacheka wote. Mume wangu alicheka akiwa ameinamia sahani yake. Mimi niliondoka kwenda jikoni, nikafungua maji bila kuwa na cha kuosha.

Nikisema, nitakuwa nimemsaliti mume wangu na ile safari itakufa, na mwakani huenda hakutakuwa na macho ya kuiona. Nikinyamaza, najua anayesimama chini ni nani. Likizo yake ni mwezi ujao, wakishamimina zege la sakafu ya juu, na kila asubuhi najiambia mwezi mmoja si mwingi. Nifanyeje?

Mshona Mapazia

*

Mshona Mapazia,

Barua yako niliisoma asubuhi, na kwa kuwa chini yake uliweka namba ya simu, sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia. Nilikuambia jambo moja tu, kwamba mdogo wako asisimame chini ya ile ndoo leo. Ukaniambia kuna mteja mlangoni, ukakata. Baadaye ukanitumia ujumbe: "Leo mvua, kreni haifanyi kazi."

Nashukuru kwa mvua hiyo. Lakini mvua huwezi kuiajiri. Naandika jibu hili sasa hivi na nakutumia nakala. Wasomaji wengine watalisoma zamu yao ikifika, na nina hakika wako wanaolihitaji.

Kwanza nikupe pole, na ninamaanisha. Kumwona mtu unayempenda akijigonga kwenye milango ya nyumba yake mwenyewe ni jambo zito. Na mumeo namwelewa. Ameambiwa dunia itamfungia, anataka aiage akiwa amesimama. Ombi lake la kisiwa ni ombi la mtu mzima na halina aibu. Tatizo liko kwenye mpangilio. Ametanguliza safari, akaliacha neno nyuma, na wewe umekubali kumshikia mlango.

Sasa nikukemee. Umeandika kana kwamba unachagua kati ya kusema na kunyamaza. Dada, wewe ulishavuka hapo. Siku uliyokata kile kitambaa cha chungwa uliacha kuwa mtu aliyenyamaza, ukawa msaidizi. Ulijua macho hayatoshi, ukayashonea kiraka. Na kiraka chenyewe umemvisha mtu asiyejua kuwa amevishwa. Yeye anadhani amepewa zawadi. Kila siku anasimama mahali pale kwa kujiamini zaidi kwa sababu yako. Kibaya zaidi, kizibao hakionekani na jicho ambalo halipo. Daktari amekuambia pembeni hakuna kitu. Mdogo wako akisogea hatua chache kando, mumeo hamwoni hata angevaa moto.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwenu itakuwa vibaya kuliko walivyosema, maana atakayeficha ni mmoja na atakayeliliwa ni mwingine. Utakwenda kusimama mlangoni kwa mama yako ukamwambie nini? Kwamba mlikuwa mnawahi safari ya kisiwani?

Nimewahi kufika kwenye eneo la ujenzi siku ya pili baada ya mzigo kuanguka. Nilikuta kofia imewekwa juu ya rundo la mchanga, na watu wawili watatu waliokuwa wakirudia kwa sauti ndogo, "Tuliona dalili." Sijawahi kumwona mtu aliyepata nafuu kwa kusema hivyo.

Fanya hivi. Leo mumeo yupo nyumbani kwa sababu ya mvua. Funga duka, nenda. Usimvizie na usiwaite wazee wa ukoo. Mwambie: "Ahadi niliyokupa nimeivunja, nimemwandikia mtu, na kesho hutapanda." Mwambie usiku huu ni wake: ampigie msimamizi wake yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kama fundi anayejua kifaa kikiharibika kinatolewa kazini kabla hakijaua. Hapo ndipo heshima yake ilipo, na bado iko mkononi mwake. Akikataa, kabla jua halijachomoza unampigia mdogo wako, kisha unampigia msimamizi. Atakuita msaliti. Kubali. Jina hilo mtu huishi nalo, nimewaona.

Kisha mrudieni yule daktari, mwambieni kazi halisi ya mumeo, maana mgonjwa akimdanganya daktari, anayetibiwa ni mtu mwingine. Muulizeni pia kuhusu watoto wenu. Maradhi haya hupenda kutembea ndani ya familia, na wao wapimwe wakiwa bado wanaona vizuri. Kazini hapo sitakuahidi kitu. Huenda wakamweka awafundishe vijana, huenda wakamwambia kwaheri. Lolote litakuwa chungu, na mtalimeza mkiwa wote hai.

Mdogo wako naye unamwambia wewe, ana kwa ana, kizibao kikiwa mezani. Usimwachie shemeji yake kazi hiyo. Atakasirika. Mwache akasirike kadiri atakavyo; ana haki, na ana uhai wa kukasirikia.

Na kisiwa? Nendeni. Msingoje mwezi ujao, maana sasa likizo mnayo. Ufukweni anaweza kukaa hata akifumba macho. Kwenye ngome mpeleke mchana wakati mwanga ni mkali, umsimamishe mbele ya ukuta, zile merikebu zitamwingia katikati ya jicho alilobakiwa nalo. Na akitaka, azipapase alama za misumari kwa kidole. Ni mlima tu unaonitia wasiwasi, kwa sababu njia ya msituni ina mizizi na mawe, na hatari yake iko pembeni, kule asikokuona.

Kwa hiyo mwombeni mdogo wako aje nanyi, kama atakuwa amewasamehe. Avae kile kizibao chako cha chungwa, atangulie hatua mbili mbele, anyooshe mikono kila penye shimo. Mumeo atamfuata mpaka juu. Ishara zake anazijua.

Mshauri