Zuhura, Mdogo Wako Ameanza Kukohoa

Mwanangu Zuhura,

Wiki chache zilizopita nilikuwa nafua, nikamsikia Saumu anakohoa baada ya kukimbizana na wenzake uani. Kikohozi chako kile kile, kikavu, kisichokata. Nilikaa chini na mikono yangu imejaa povu.

Unakumbuka ulivyoanza wewe? Ulikuwa ukirudi kutoka shule hapa Changamwe, unakaa kizingitini, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Nyanyako akikusugua kifua kwa mafuta ya habasoda, akisema ni baridi. Mwalimu wa michezo naye alidhani unadeka. Ukaniambia, "Mama, si uvivu, wallahi. Pumzi inaingia, lakini kutoka haitaki."

Tukaenda kliniki. Daktari akasema ni pumu, mbio ndizo zinazoiamsha, na vumbi na moshi wa malori huizidisha. Nikasema basi, mbio zimekwisha. Ukanikazia macho.

"La, mama," daktari akaniambia. "Avute dawa ya pampu kabla ya kukimbia, na pampu iwe naye kila aendapo. Mwache mtoto akimbie."

Jioni hiyo ulimfundisha kila mtu nyumbani kuitumia ile pampu, hata nyanyako.

Na ulikimbia, mwanangu. Ukapewa kijiti cha mwisho katika mbio za kupokezana, maana hapakuwa na wa kukufikia. Babako aliomba ruhusa bandarini aje kukutazama, akashangilia mpaka sauti ikamkauka.

Halafu ile siku ya mazoezi. Upepo mkali, vumbi limetanda uwanjani. Ulivuta dawa, pampu ikabaki mkobani darasani, na darasa likafungwa. Ulipobanwa, wenzako walikimbilia ufunguo. Mwalimu wa michezo hakungoja. Alikubeba, akakutia kwenye tuktuk, lakini malori yalikuwa yamesimama njia nzima. Akashuka, akakimbia nawe kifuani. Mlipofika hospitali, ulikuwa umeshatutoka.

Mwalimu alikuja matangani, akakataa hata chai. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Zuhura, alinishika kola. Hakuniachia."

 

Saumu sasa ana pampu yake. Nilitaka kumkataza michezo kabisa. Babako alitoka tu akasimama nje. Nikaenda shule kumweleza mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha kifuani pake. Kamba ya filimbi ina pampu sasa. Tangu uondoke, haingii uwanjani bila hiyo. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, na nikamwambia Saumu atakimbia.

Jana alikimbia. Nilikaa ukingoni mwa uwanja. Wazazi wengine walitazama miguu ya watoto wao. Mimi nilisikiliza kifua. Alinijia akihema, akavuta dawa, akangoja, akatulia. Kisha akaniuliza, "Mama, nikimbie tena?"

Nikageuka nikuulize wewe, Zuhura. Wewe ndiye ungejua, kifua kile ungekisikia kwa ndani. Kando yangu palikuwa na ndara za Saumu tu.

Mola akulaze pasipo vumbi wala moshi, mwanangu, uvute pumzi utakavyo.

Ni mimi, mamako