Maji Moto ya Bi Saumu

Kwa mke wangu, Mama Salma,

Assalam alaykum. Kwa heshima na taadhima nakutangazia wewe, mtaa wetu wote wa Siyu, na yeyote atakayesomewa barua hii: leo asubuhi sabuni imetoa povu.

U hali gani, na tumbo lako je? Mguu wa mama umepoa? Mimi ni mzima, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku nyuma ya Msambweni, ni msafi pia.

Ulipokuja mwaka jana ulionja chai yetu ya maji ya chumvi, ukasema kilichobaki ni samaki tu iwe mchuzi, ukapanda basi ukarudi. Sikukulaumu. Sasa tumepata mashine yenye utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Pampu yayasukuma maji kwa nguvu, matamu yapenya, ya chumvi yatolewa kwa bomba jingine. Sikuyasomea haya, nilimwuliza fundi maswali hadi akaniachia funguo apate kupumzika.

Taabu ni kwamba maji ya kisima hiki kirefu yatoka na moto wake, na utando hauhimili moto. Basi twayaweka kwanza kwenye tangi yapoe. Lakini kila nikirudi, tangi limepungua na mashine haina cha kusukuma. Jioni moja nikamkuta Bi Saumu, mkandaji wa wazazi, wanawake waliojifungua, na ndoo zake.

"Shikamoo, bibi. Maji hayo ni ya mashine."

"Marahaba. Mungu amenipashia maji bila kuni, na wewe wayapoza. Huoni haya?"

"Utando ukiharibika tutarudi kunywa chumvi."

"Na mzazi wangu, arobaini yake nimkande kwa nini? Kwa utando?"

Kesho yake nikatafuta mfereji wa kufungulia maji. Nimeutia kwenye bomba, kabla ya tangi: ya moto wachota kina Bi Saumu, yanayopoa yaenda kwenye mashine. Tangu hapo twanywa maji matamu. Wazee walalamika chai haina ladha. Mmoja atembea na chumvi mfukoni.

Basi njoo ujifungulie huku. Hospitali iko karibu, na Bi Saumu ameshauliza mimba yako ina miezi mingapi. Nilipomwambia uliyakimbia maji yetu, akasema, "Aliyakimbia ya kunywa. Ya kukandwa hakuyaonja."

Msalimie mama, mwambie simnyang'anyi binti, naazima tu. Salamu kwa kaka yako mshona kofia, na kwa jirani muuza mahamri. Salma mbusu.

Mumeo,
Athumani

Nafunga bahasha na mvua imeshika. Mashine yetu yaendeshwa kwa jua, kwa hiyo imezimika, na kijiji kizima twanywa maji ya mvua yatiririkayo mabatini.